Mwaka Mstari Wetu Ulipopanda

Takwimu nilijifundisha kwa simu, katika chumba changu cha kupanga Kitale, baina ya wateja wanaoleta barua niwachapie. Hakuna aliyenisahihisha, kwa hiyo nilijisahihisha mwenyewe hadi nikaumwa kichwa. Kazi ya kwanza niliyotaka iwe kamili ilikuwa mchoro mmoja wa mistari miwili: matumizi ya kaya za Kenya na za Uganda, mwaka baada ya mwaka, kwa sarafu moja, kupanda kwa bei kukiwa kumeondolewa. Niliuchora upya zaidi ya mara kumi. Mstari wa Kenya ulikaa juu ya wa Uganda, nami nikadhani nimeelewa: sisi tunaishi vizuri kuliko wao.

Ili kujipima, niliongeza mstari wa tatu, wa nyumbani kwetu, nje kidogo ya Bungoma. Nilimpigia mama simu nikamuuliza tumetumia nini miaka hii yote. Unga, sukari, sabuni, karo. Alijibu kwa subira ingawa hakuona faida yake. Mstari wetu ulitambaa chini kabisa, ukaruka juu mwaka mmoja, kisha ukaanguka chini ya pale ulipoanzia.

Mwaka huo ndio tuliomzika baba.

Niseme ukweli. Matanga yale niliyapanga mimi. Baba zangu wadogo walisema fahali mdogo anatosha, na wali si lazima. Nilikataa. Niliogopa midomo ya watu. Niliogopa mgeni mmoja tu arudi kwao Naitiri akisema alilala njaa kwetu. Nilitaka hema zisizo na viraka, viti vya kutosha, picha ya baba kwenye fulana za familia nzima. Tukamuuza ng'ombe wa maziwa. Watu walikula siku nne. Walinisifu, na nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma kuliandika.

Shangazi yangu, dada ya baba aliyeolewa Uganda, alifika na gunia dogo la unga. Alitazama masufuria, kisha akauliza ng'ombe yuko wapi. Nilimwambia tumemuuza.

“Kwetu, mume wangu tulimzika kwa uji tu,” alisema. “Kila nyumba ilileta unga wake. Watu walicheka kidogo, ndio. Lakini ng'ombe wangu bado nakamua.”

Nilimhurumia kwa umaskini wao.

Maziwa ya ng'ombe wetu ndiyo yaliyokuwa yakimnunulia mama dawa za presha. Sasa anameza siku moja, anaruka moja. Hakuniambia. Niligundua mwezi uliopita nilipoenda kumtembelea, nikaona pakiti ya vidonge ambayo ingepaswa kuwa imeisha zamani. Nilimuuliza, akasema mwili umezoea.

Nikamtolea mchoro wangu. Alivaa miwani ya marehemu baba, akaweka kidole pale mstari wetu ulipofika juu.

“Hapa tulikuwa tunakula vizuri, si ndio?”

Nikamwambia huo ni mwaka wa baba.

Mimi, kwa woga, nikaanza kueleza: kwamba kila kilo ya nyama inahesabiwa, na hesabu haijali ililiwa kwa sababu gani; kwamba huenda hata mistari ya nchi hizi mbili imebeba matanga ndani yake, wala hakuna anayejua ni mangapi; kwamba pengine shangazi na ng'ombe wake wako kwenye ule mstari wa chini niliouhurumia. Mama alinikatiza, kidole kikiwa palepale.

“Ikifika siku yangu, usipandishe hivi. Unasikia? Uji tu. Na hao watu waseme.”

Niliahidi. Kesho yake nilimnunulia dawa za mwezi mmoja mjini Bungoma, nikarudi Kitale.

Lakini najijua. Juzi, mteja akiwa mbele yangu anasubiri barua yake, nilijikuta napiga hesabu ya viti vya matanga ya mama.