Mama wa redio call na barua iliyogoma

Jamani, mpaka sasa nimebaki mdomo wazi!

Ile kompyuta niliyofunga hapa Mpanda, inayotuma barua kwa mawimbi ya redio, leo ilikuwa na oda ya dawa za zahanati ya Katumba. Isipofika Tabora kabla ya saa kumi, dawa zinakosa treni.

Mvua ikaanza. Barua ikagoma.

Nikapanda kwenye antena mara ya tatu, nimelowa chapachapa.

Mama Shija wa hapa ofisini, anayeongea na vituo vya mbali kwa redio call miaka yote, akaniuliza, "Mwanangu, ikipoteza kipande cha barua inafanyaje?"

Nikamwambia inadhani njia imejaa, inapunguza mwendo. Mawimbi yakikatika, inaanza barua upya.

"Yaani mtu hajakusikia, wewe unanyamaza? Mimi nasoma maneno matano matano. Akikosa, narudia hayo matano tu, hapo hapo."

Nikacheka.

Halafu kicheko kikaniishia.

Nikaipanga kompyuta ikate barua vipande vidogo zaidi, irudie kilichopotea tu, bila kungoja.

Dakika nne! Tabora wakajibu: imefika.

Wiki tatu nzima natukana mvua, nyie!

Sasa Mama Shija anakunywa chai, anatazama cheti changu cha ufundi wa mitandao pale ukutani.

Niambieni, nikishushe?