Blenda ya Wageni

Nakumbuka ile Jumapili ya moshi, Moraa mwanangu, na mpaka leo nikiikumbuka damu inanichemka. Wala usinipoze. Umenikaribisha vizuri kwako, umenitandikia kitanda safi, lakini nimeona blenda iko chini ya hicho kitanda, ndani ya boksi, hata gundi haijabanduliwa. Nimekuuliza, ukanijibu ati unaitunza. Unamtunzia nani? Hebu keti hapa unisikilize.

Miaka ile ya sabini wewe ulikuwa bado mgongoni. Babako alikuwa karani mjini Kisii, na tulikuwa tumepanga nyumba yenye stima. Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao akamwuzia blenda, jagi lake la kioo kizito, ikiwashwa vikombe vinatetemeka kabatini. Akamwambia inasaga hata kokoto. Na babako akaamini! Akaipandisha juu ya kabati, akaifunika kitambaa nilichofuma mimi, kisha akapiga marufuku mtu yeyote kuigusa. "Hiyo ni ya wageni," akasema. Kitambaa changu mwenyewe, jamani.

Basi nyanya yako, mamake baba, akaja kutoka Nyaramba kung'olewa meno. Yaliyooza yakatoka, na yale machache yaliyobaki hayakuwa ya kutafunia kitu. Alikunywa uji mpaka akaukinai. Akatamani ndizi na chinsaga, ile mboga yetu chungu ambayo bila hiyo sisi tunaona hatujala. Nikamchemshia, nikaponda kwa mwiko, lakini nyuzi za mboga zikamshinda. Alizitema kiganjani, akazificha chini ya leso ili nisione. Niliona. Mama wa watu anakonda mbele ya macho yangu, na mashine iko palepale juu ya kabati imevishwa kitambaa!

Nikamwendea babako. "Baba Moraa, nishushie ile blenda nimsagie mama chakula."

"Itaharibika," akanijibu. "Unajua nyingine kama hiyo itapatikana wapi?"

Na mama je, mwingine angepatikana wapi? Nilitaka kumwambia hivyo, nikameza. Wanawake wa rika letu tulifunzwa kumeza.

Jumapili wakaja wenzake wa ofisini. Hapo ndipo iliposhushwa! Akavua kitambaa kwa madaha, akamimina wimbi kavu, ile nafaka ya uji, mpaka karibu na kifuniko, bila hata tone la maji, akabonyeza. Ikanguruma. Wageni wakapiga makofi, naye akaiacha izidi kunguruma ili wafaidi. Wimbi likazunguka kidogo, likakwama. Mara harufu ya waya unaoungua, mara moshi, watu wanakohoa. Ni mimi niliyeruka kuchomoa plagi. Yeye alikuwa amesimama tu.

Nyanya yako alikuwa pembeni na kikombe chake cha uji. Akasema polepole kwa Ekegusii, kila mtu akasikia: "Mwanangu, wageni wako wote wana meno. Asiye nayo hapa ni mimi. Ulikuwa unamsagia nani?"

Babako aliketi akaangalia sakafu mpaka wageni wakaaga.

Kesho yake aliiosha mwenyewe, akaniletea jikoni. Nikatia maziwa kwanza, nikakatia ndizi za kuchemsha vipande vidogo, nikaongeza chinsaga kidogo. Nikawa nasaga kidogo, naizima ipumzike, nasaga tena. Bado ilinuka moshi, lakini ilifanya kazi. Mama akanywa kikombe kizima, akanyoosha mkono kutaka kingine. Babako akatoka nje akalia.

Tangu siku hiyo ilitumika kila siku. Mpira wa chini ulilika, tukatia mwingine. Visu vikawa butu, vikanolewa. Ilimsagia nyanya yako mpaka alipotutoka, na wewe ikakusagia ulipoachishwa ziwa. Miaka yote hiyo ya kazi haikuizima, na mbwembwe za Jumapili moja nusura ziiue kabisa!

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu: itoe kwenye boksi uitumie. Tanguliza maji, usiishindilie, usiilazimishe kila kitu alichokuahidi muuzaji. Ikipata joto iache ipoe, na ukimaliza ioshe papo hapo. Na kabla hujawafikiria wageni, mtazame kwanza anayekula nawe nyumbani. Leo mchana umenipa mahindi ya kuchoma na nyama ngumu. Nimeizungusha mdomoni weee, mwishowe nikaitema kiganjani nikaificha chini ya leso. Hukuona. Meno yangu yamekwisha, Moraa.

Haya, Mungu akubariki. Nyumba hii isikose chakula, na watoto wako wakuangalie vizuri utakapozeeka. Sasa lete kisu tufungue hilo boksi. Nina njaa.