Taa Namba Moja

Mpaka leo nikikumbuka, jasho hunitoka. Nilikuwa nimewekea kanisa letu la Kathonzweni taa za jukwaa. Waya unatoka kwenye mashine yangu ya kuwashia hadi taa ya kwanza, kisha ya pili, hivyo hivyo hadi ya mwisho, na kila taa hupewa namba yake ya kuiwasha. Ile ya mwisho, juu ya kiti changu kule nyuma, niliiacha na namba moja, sawa na taa ya madhabahu. Nilichoka, nikajiambia nitairekebisha baadaye.

Jumapili kanisa zima lilikuwa kwenye mfungo wa siku tatu. Tulishusha mapazia, tukazima taa tuombe. Gizani nikafungua kopo langu la muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe.

Pasta akasema, "Wapendwa, ndugu Mutua ameweka hizi taa bila kuonja chakula. Fundi, washa madhabahu."

Nikawasha namba moja. Watu wote wakageuka kunitazama. Nilidhani wananishukuru, nikatabasamu kama bwana harusi, mdomo umejaa. Ndipo nikaona kijiko changu kinang'aa.

Mama Pasta akasema polepole, "Ndugu Mutua, meza kwanza."