Zipu ya Mgongoni

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye karakana moja ya Turffontein, Johannesburg, nilivalishwa suti ya mpira iliyotoboka nikatumbukizwa kwenye pipa la maji ya barafu. Mimi, fundi cherehani wa Morogoro, niliyemfuata mume kwao aliporejea kutoka uhamishoni! Nilipiga ukelele, kisha pumzi ikakatika, nikawa natweta tu. Msimamizi wetu, Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, alinitazama bila kucheka.

"Sasa umejua," akasema. "Baridi inauaka mbele, maji inafuata. Ukishona, ukumbuke ile pipa."

Tulishona na kuziba nguo za wavuvi wa kayaki, vile vijitumbwi vya plastiki ambavyo mtu hukaa juu yake peke yake na ndoano zake. Msidhani Joburg hakuna pa kuzama. Mabwawa yapo, na kipupwe cha huku kina hila: mchana jua linakuunguza kisogo, na maji yaleyale yanakata mifupa. Wateja tuliwaambia kila siku, vaa kwa ajili ya maji, jua lisikudanganye.

Suti yenyewe ilimweka mtu mkavu. Ilikuwa na mpira uliobana shingoni na mikononi, na zipu nzito isiyopitisha maji, iliyopita mgongoni kutoka bega hadi bega. Zipu hiyo mtu hajifungi. Mwenzako anaivuta, anaipapasa kwa kidole hadi mwisho, kisha anakugonga begani na kusema, "Imefika." Meneja, Mzungu mmoja mkali, alimfukuza fundi aliyelisema neno hilo bila kupapasa.

Mume wangu, Baba Neema, aliipenda kayaki kuliko kitanda chake. Suti yake niliishona mwenyewe. Nilimfundisha na kujiokoa, kama tulivyowafundisha wateja: kayaki ikipinduka, igeuze, jilaze kifudifudi juu ya maji, piga miguu, jivute mpaka tumbo lipande juu yake, geuka, kaa. Alikuwa hodari jamani. Nikimfunga zipu, alinitania, "Eish, Mama Neema, utaninyonga kabla sijaona hata samaki!"

Jumapili moja rafiki yake wa mtaa wa Alexandra, ambaye walikuwa wakifungana zipu, hakutokea bwawani. Baba Neema hakutaka kurudi mikono mitupu. Akaifunga kamba ya zipu kwenye kitasa cha gari, akajivuta kwenda mbele mpaka ikakaza. Mlinzi wa bwawa alimwona, wakacheka pamoja.

Upepo ukampindua. Mlinzi aliniambia aliigeuza kayaki vizuri tu, akajivuta, tumbo likakataa kupanda. Akajaribu tena na tena. Maji yalikuwa yameingia mgongoni, yamejaa miguuni mwa suti, na mikono imeshakufa ganzi. Mashua ilipomfikia alikuwa ameshakata roho, koti lake la kuelea bado limemshikilia kichwa juu ya maji.

Nilifika wakiwa wamemlaza ukingoni. Nikapitisha kidole kwenye zipu. Pengo la kiganja kimoja. Haki ya Mungu, nilimkasirikia, nikamgombeza mbele za watu: "Si ungerudi nyumbani nikufunge? Mbona mimi nilikuwepo?" Kisha nikaivuta hadi mwisho, nikamgonga begani. Lile neno halikutoka.

Watu walidhani nitaacha kazi. Niache, halafu nani awafunge? Nilibaki mpaka nilipostaafu mwaka 2007, na kila aliyekuja kujaribu suti nilimfunga kwa mkono wangu. Wengine walinuna, "Sharp, Mama, inatosha." Nikawajibu, haitoshi mpaka ifike. Bado nina hasira naye, na bado namlilia.

Neema ameolewa mbali, naishi peke yangu. Magauni yangu yote nimeyahamishia zipu mbele.