Bei ya Ngobyi

Kwenye mteremko wetu huku Kasulo, mgonjwa asiyeweza kukaa kwenye pikipiki hubebwa kwa ngobyi. Ni kitanda cha kusukwa, kama tenga refu, kinachofungwa kwenye miti miwili na kubebwa mabegani na wanaume wanne, huku wanne wengine wakitembea nyuma kuwapokea. Kila mteremko una ngobyi yake na chama chake. Ukiwa mwanachama, hata kama jana uligombana na nusu ya kijiji, watu watakuja kukubebea mgonjwa wako. Usipokuwa mwanachama, una mgongo wako tu.

Mkubwa wa ngobyi yetu alikuwa baba yangu. Miaka ile wakimbizi walipojaa Benaco mpaka vilima vikabadilika rangi, yeye na wenzake walibeba watu ambao hawakujua wametoka kilima gani wala wamemkosea nani. Nataka hilo lijulikane mapema. Nitakayosimulia yanaweza kumfanya aonekane mtu mbaya, na mimi nimeshamfanya aonekane hivyo mara moja, tena kwa kipaza sauti.

Sheria ya chama ilikuwa fupi. Kila kaya itoe wabebaji wawili, na siku mgonjwa akiwa wa kwako, utoe mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Wabebaji wakirudi hukaa uani kwako. Baba humwaga kidogo chini kwa ajili ya wazee waliokufa, anawaita kwa majina na kuwaomba wamlinde mgonjwa, kisha mrija unapita mdomo hadi mdomo. Wala si suala la kiu. Ni kuonyesha kwamba hakuna aliyeshika mti wa ngobyi huku moyoni anamtakia mgonjwa kaburi. Anayeukataa mrija huulizwa ana nini.

Mke wangu ndiye aliyeanza kuokoka. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye alizaliwa upande huu. Mimi nilimfuata baada ya mwaka. Nanunua na kuuza maharage, siwezi kuchukua kitu bila kukikagua, kwa hiyo mwaka mzima nilimtazama kama ninavyotazama gunia: juu, katikati, na chini kabisa ambako wauzaji huficha mabovu. Sikuona bovu. Nikaenda kanisani.

Tulipokataa mrija, niliamini tutapatana bei. Kila kitu watu hupatana bei.

"Watu wawili nitatoa kama kawaida," nilimwambia baba mbele ya chama. "Badala ya mtungi, kreti ya soda."

"Soda," baba akasema.

"Kreti mbili."

"Marehemu babu yako nimmwagie soda ya chungwa?"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, maana ilichekesha.

"Basi chai na mbuzi, baba. Mbuzi mzima, si wa kukonda."

Baba mdogo, anayemfuata baba kwa kuzaliwa, akatikisa kichwa. "Huyu tukimpa mgonjwa ambebe, atamwuza njiani."

"Mbuzi kaleni na walokole wenzenu," baba akasema. Hakuwa anacheka tena. "Na wao ndio watakaowabeba."

Tukatolewa hivyo. Yaliyofuata ni mambo ambayo huwezi kuyapeleka kwa mtendaji wa kijiji yakaandikwa kuwa kosa. Kisimani wanawake walisogeza ndoo zao mke wangu alipofika. Msiba ulipotokea jirani, tuliambiwa wameshazika. Mke wangu alimwamkia baba shikamoo, baba akaangalia mgomba. Mimi niliyahesabu yote, jioni na tena asubuhi, nisije nikapunjwa hata dharau moja. Mke wangu hakuhesabu. Msimu wa palizi ulipofika alichukua jembe akaenda kwenye shamba la baba kama miaka yote.

"Ametufukuza, halafu unampalilia?"

"Magugu hayajui kama tumefukuzwa," akasema.

Mwaka huohuo mwinjilisti alikuja kutoka Nyabusozi, Biharamulo, kufanya semina Benaco juu ya kuudhiwa kwa ajili ya imani. Sina la kumlaumu kwa mafundisho yake. Alisema Mkristo asishangae akichukiwa, kwa maana bwana wake alichukiwa kwanza. Alisema tusilipize, na kwamba kumwombea mtu anayekutesa ni kazi ngumu kuliko kuteswa kwenyewe. Kisha akauliza kama kuna mtu amepitia mambo hayo, asimame atutie moyo.

Nilisimama. Mwanzoni nilisema ukweli mtupu, watu wakanipa pole. Nikaongeza kidogo, wakapiga makofi. Mimi ni mtu wa soko, nikiona wateja wanaongezeka sauti yangu inapanda yenyewe. Nikasema baba yangu ni mtumishi wa mashetani. Nikasema hata wakiniua, mdomo wangu hautaugusa ule mrija. Watu wakasimama na kushangilia. Ilikuwa siku ya gulio, na spika zilikuwa zimegeuzwa kuelekea sokoni, ambako baba alikuwa amekaa na mikungu yake mitatu ya ndizi.

Njiani kurudi, tulipofika kwenye mikaratusi, mke wangu alisimama.

"Ulimsema kama mtu usiyemjua," akasema.

Yeye hakuwa amepiga makofi. Nilikuwa nimeangalia.

Masika yaliyofuata alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Tulikuwa tumengoja miaka sita. Uchungu ulimwanza asubuhi, mwezi mmoja kabla ya wakati, na damu ikaja pamoja nao. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Udongo wetu mwekundu ukilowa hauna huruma: pikipiki ya kwanza ilipanda hadi nusu ya mteremko ikarudi kinyumenyume, ya pili dereva wake aliuangalia mlima na kuzima simu. Mama mmoja wa kanisani, mkunga wa zamani, alimshika mke wangu tumbo, akanitazama.

"Huyu anatakiwa kituo cha afya sasa hivi," akasema. "Alazwe chali na asitikiswe. Nenda kwa baba yako."

Nilikimbia. Baba alikuwa uani chini ya paa la jiko na wanaume saba wa chama. Walikuwa wametoka kubeba mgonjwa mwingine, mtungi ulikuwa katikati yao, na ngobyi yenyewe imeegemezwa ukutani, ikichuruzika maji. Redio ilikuwa inaanza taarifa ya habari ya saa saba.

"Shikamoo baba. Mke wangu ana hali mbaya. Naomba ngobyi."

Baba mdogo alianza kuinuka. Baba akamshika goti.

"Mimi mtumishi wa mashetani nimekusikia," baba akasema. "Soko zima lilikusikia pia. Ngobyi ile pale. Watu hawa hapa. Vuta mrija mmoja mbele yao, wajue huna kitu moyoni, twende."

"Baba, ni damu."

"Mrija mmoja."

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo nimelifanya maisha yangu yote bila hasara. Nilianza kupatana. Nilisema nitatoa mbuzi wawili. Nilisema nitabeba ngobyi za wagonjwa wao mwaka mzima bila kupokewa. Nilisema nitakwenda gulioni kuomba radhi kwa spika ileile. Kila niliposema, yupo aliyeitikia kwa kichwa na yupo aliyemtazama baba, nami nilizisoma nyuso zao kama ninavyozisoma siku zote, nikaona bei inashuka. Na kweli ilishuka. Baba mdogo akachukua mrija, akaupangusa kwa kiganja, akaninyooshea.

"Usimeze," akasema taratibu. "Gusa tu mdomo. Kaka, akigusa si yatosha?"

Baba aliitazama ngobyi pale ukutani. Halafu akasema, "Akigusa."

Nimenunua na kuuza kwa miaka mingi, na ninajua mtu akifika mwisho wa kushuka. Ule ulikuwa mwisho. Mdomo wangu ulikuwa umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye mrija. Niliona tone la mvua likining'inia kwenye ncha yake. Na nilichosikia kichwani hakikuwa sauti ya Mungu, Mungu anisamehe. Nilisikia makofi ya Benaco.

"Siwezi," nikasema.

"Basi," baba akasema, lakini hakulisema kama mtu aliyeshinda.

Nilipotoka pale uani, redio ilikuwa imemaliza habari na matangazo ya vifo pia, wanapiga muziki.

Kanisani kwetu tulipata watu sita. Niliwahesabu mara mbili, wakabaki sita: mimi, mzee wa kanisa mwenye mguu mbovu, vijana wawili wa kwaya, na akina mama wawili. Tulifunga blanketi kwenye miti miwili ya mkaratusi. Walikuwa na upendo wote unaohitajika. Lakini kubeba mgonjwa ni ufundi. Wabebaji hulinganishwa urefu, hutembea kwa hatua moja, na wa mbele huimba ili wa nyuma ajue pa kukanyaga. Sisi mmoja alikuwa mrefu, mwingine mfupi, na kila mmoja alikuwa na hatua yake. Blanketi lilijikunja katikati. Mara mbili tuliteleza, mara mbili mke wangu akatoa sauti ambayo sitaiandika.

Mtoto alizaliwa chini kabisa bondeni, kabla hatujavuka kijito. Alikuwa wa kiume. Mkunga alimpulizia, akamsugua mgongo, akampulizia tena, kisha akamfunika kwa kitenge chake mwenyewe. Mke wangu tulimfikisha kituo cha afya akiwa hai. Nesi aliuliza tumetumia muda gani njiani, nikamwambia. Akaandika.

Kesho yake asubuhi nilirudi na mtoto kifuani. Nyuma ya nyumba yetu, karibu na migomba, kaburi lilikuwa tayari. Lilikuwa dogo na kingo zake zimenyooka. Baba alikuwa anapangusa udongo kwenye jembe kwa jani la mgomba, nguo zake zimelowa mpaka mapajani.

"Nilianzia pale," akasema akionyesha, "nikakuta jiwe. Nikasogeza."

Alisimama mpaka mchungaji alipomaliza kuomba. Alikuwa amevua kofia. Kisha akaondoka, hakurudi kukaa msibani, na mimi sikumfuata.

Wakristo wenzangu walikuja kunifariji, na wengi walisema mtoto wetu alikufa kwa ajili ya Injili. Nilitaka sana liwe hivyo. Kwa upande mmoja ni kweli: tuliwekewa sharti la kuikana imani yetu, tukalikataa, tukanyimwa msaada ambao hata mgeni asingenyimwa. Huko ni kuudhiwa, sina jina jingine. Lakini nikihesabu mara ya pili, kila mara nafika mahali pale uani, mrija mbele yangu, na sijui kama niliukataa kwa ajili ya Kristo au kwa ajili ya spika.

Mke wangu aliporudi nyumbani, nilikaa siku tisa nikitafuta namna ya kumwambia. Siku ya kumi nilimwambia yote: mbuzi wawili, kugusa bila kumeza, makofi. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuacha.

"Ungekuwa wewe ungegusa?" nikamwuliza.

"Nisingegusa. Ile wanaimwaga kwa wafu."

Nikapumua.

"Lakini ningekataa haraka," akasema, "nikarudi."

Akaendelea kuchambua. Nilitoka nje nikasimama kwenye migomba mpaka miguu ikachoka.

Mwezi wa sita mwinjilisti alikuja tena, akafika nyumbani.

"Bwana asifiwe, wapendwa."

"Amina," tukajibu.

Mke wangu alimwekea chai na viazi. Akatupa pole, na nadhani alimaanisha. Kisha akaeleza kwamba ana semina Biharamulo mjini, na kwamba ushuhuda wetu ungewaimarisha watu wengi walio katika majaribu.

"Mtoto wangu hakukaa duniani hata nusu saa," mke wangu akasema. "Mwacheni apumzike."

Mwinjilisti akanigeukia mimi. "Na wewe, mpendwa? Baba wa familia?"

"Nitakuja," nikasema. "Ila nitasema na jinsi nilivyosimama nikipatana bei, mke wangu anatokwa damu. Na nitasema baba alichimba kaburi."

Alizungusha kikombe mezani. "Hayo ni ya kweli, sikatai. Lakini watu wanahitaji kutiwa moyo. Tungeacha sehemu hiyo."

"Basi hatujapatana," nikasema.

Alicheka kidogo, akafikiri naongeza bei. Aliponiona sicheki alikunywa chai yake, akatuombea vizuri kabisa, akamwombea na baba yangu kwa upole mwingi, akaondoka.

Maharage ya baba yalikuwa yamekauka shambani. Mawingu yasiyo ya msimu yalikuwa yamepanda upande wa Rusumo, na maharage makavu yakinyeshewa huchipua ndani ya maganda. Mke wangu alijifunga kitenge, akatoka bila kuniuliza. Safari hii nilimfuata.

Baba alikuwa ameanza ng'ambo ya shamba, peke yake, akiinama kwa taabu. Hatukuambiwa karibu, wala hatukufukuzwa. Mke wangu alishika mstari wake, mimi nikashika wa pembeni, tukang'oa na kupanga mafungu, mizizi juu. Kulikuwa na mistari kumi na saba. Tulipofika wa tisa, baba naye alikuwa amefika huohuo kutoka upande wake. Alimtazama mke wangu, na tumbo lake lililokuwa halina kitu. Kisha akainama tena, akaendelea kung'oa, akivuta kwa nguvu hata maganda yakapasuka na maharage yakamwagika. Mke wangu alichuchumaa mbele yake akaanza kuyaokota moja moja kutoka kwenye udongo, akimrudishia kiganjani. Sikuyahesabu.