Mkanda wa Cherehani ya Thuraya

Thuraya binti Muhanna hakujua kutulia. Hata akinywa kahawa, miguu yake ilikanyaga cherehani isiyokuwepo. Mimi jirani yake nilishamzoea. Mwaka ule wa sabini na mbili sare nyingi za shule za Tabora mjini zilishonwa kwenye baraza yetu, na mngurumo wa cherehani ile tuliusikia hata tukilala.

Kilichomkosesha raha ni Masika, bintiye wa miaka tisa, mtoto mkimya. Wazee wakipita wakamsemesha, aliwatazama tu bila shikamoo, na mtaa ukaamua kwamba mtoto wa fundi hana adabu. Thuraya alimfokea, na kadiri alivyofoka ndivyo mtoto alivyozidi kuduwaa. Hospitali walimpima wakasema masikio ni mazima. Jibu hilo lilimuudhi kuliko ugonjwa wenyewe.

Kisha Mwalimu Lugembe akatuma ujumbe: muhula ukiisha hivi hivi, Masika atatolewa darasa la tatu arudi la kwanza.

"Akirudi huko hatoki tena," Thuraya aliniambia. Nilimwona anaogopa.

Siku moja alikuwa akishona huku akimtuma. "Masika, lete mkasi, funga mlango, halafu kamwite Zamda wa nyumba ya pili!" Mtoto akaleta kibunda cha uzi. Thuraya akavuta pumzi afoke, mara mkanda wa cherehani ukakatika. Baraza ikanyamaza. Kwa uchovu tu akamgeukia, akarudia taratibu, jambo moja moja. Masika akatimiza yote, tena mbio.

Thuraya akaushona ule mkanda haraka haraka, akajaribu tena. Akikanyaga, mtoto anapotea. Akiacha, mtoto anarudi.

"Anasikia!" alinipigia kelele mimi, kana kwamba nilibisha. "Ila kelele zinamvurugia maneno!"

Akaenda shuleni hivyo hivyo, nyuzi zimemganda nguoni. Dirisha la darasa lilielekea mashine ya kusaga ya ushirika, na Masika alikaa chini ya dirisha hilo hilo.

"Lakini Mama Masika, mbona wenzake wananielewa?" aliuliza Lugembe. Alikuwa mgumu, si mbaya.

"Hao ni wao, Mwalimu. Mjaribu huyu."

Akamuuliza maswali pale dirishani, Masika akababaika. Akampeleka nyuma ya ofisi, kwenye utulivu, akamuuliza mengine, na Masika akajibu yote. Siku hiyo hiyo Mwalimu akamhamishia mbele, mbali na dirisha. Akaahidi kumtazama kabla ya kusema, kumpa agizo moja moja, na mengine kumwandikia ubaoni. Mvua ikipiga bati bado alipotea, na Mwalimu akawa anarudia. Darasa la tatu hakutolewa.

Nyumbani, Masika akirudi shule, Thuraya aliufungua mkanda wa cherehani akauning'iniza shingoni mpaka magharibi. Wenye sare walinung'unika. Aliwajibu vibaya, na mimi nilifurahi.

Basi mtoto akaanza kusema. Alisema habari za shule, za paka, za ndoto, bila kituo, hadi kichwa kikaniuma.

"Mwambie apumue japo kidogo," nikamtania.

Miguu ya Thuraya ilikuwa ikikanyaga cherehani isiyo na mkanda, kimya kabisa. Hakunitazama. Alikuwa anamtazama mwanawe mdomoni.

"Mwache aseme," alinijibu. "Miaka yote hii nilikuwa namfunika kwa kelele zangu."