Kibuyu Kwenye Kiti cha Nyuma

Gari lile nililichukia tangu siku lilipoingia uani kwetu Nsemulwa. Lilikuwa saluni ya Kijerumani, kuukuu, la rangi ya maziwa, limekaa chini utadhani limechutama, na injini yake ya silinda sita ilitengenezwa kwa ajili ya mbio za kwenye lami. Sisi wa Mpanda ya miaka ya tisini lami tulikuwa tunaisikia redioni. Mume wangu, karani wa stesheni ya reli, alilinunua kwa mzungu mmoja mtafuta madini aliyekuwa anarudi kwao, na tangu hapo akawa haambiliki. Majirani walimtania kwamba ameoa mke wa pili. Mimi sikucheka. Mke wa pili angalau angenisaidia kuchota maji.

Muda si mrefu nikashika mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilikuwa zimetoka, na zote zilitoka wakati nimeshaanza kushona vinguo. Ya pili iliniponyoka baada ya safari ya lori kutoka Inyonga, nimekaa juu ya magunia ya mahindi, na kila shimo la barabara nililisikia tumboni. Daktari alisema huenda si lori lililosababisha. Nilimwitikia kwa heshima na sikumwamini hata kidogo. Safari hii akaniambia nisijaribu kuzalia Mpanda. Niende Sumbawanga mapema, nikasubirie karibu na hospitali kubwa, maana nitazaa kwa kupasuliwa.

Lori nilikataa katakata. Treni yetu ilikwenda Tabora, upande mwingine kabisa. Likabaki gari lile, na shokapu zake zilikuwa zimekufa zote, za mbele na za nyuma. Ukikandamiza kona ya gari lenye shokapu nzima kisha ukaiachia, hupanda mara moja na kutulia. La kwetu lilinesanesa mpaka ukachoka kulitazama. Niliogopa. Nilianza kuogopa asubuhi kabla sijashuka kitandani, na nilipolala niliota magunia ya mahindi.

Mume wangu alimwagiza kaka yake aliyeko Dar, na baada ya kusubiri sana shokapu zikaja kwa treni, zimefungwa kwenye boksi. Zilikuwa za gesi, ngumu, ambazo muuzaji alisema ndizo zinazolingana na injini ile. Mume wangu alizipanga mkekani akawa anazipangusa vumbi. Fundi wetu wa Kawajense, mtu mpole ambaye aliniita shemeji ingawa hatukuwa na undugu wowote, alizitazama akaguna. Kwa barabara zetu, alisema, za gesi zitatutoa meno. Yeye alikuwa na za oili, laini, za pikapu, na desturi yake ilikuwa kuzikata masikio, yale matundu ya kupitishia bolti, kuchomelea mengine yanayoingia kwenye saluni, kisha kunyanyua gari kidogo kwa vipande vya tairi kuukuu. Nusu ya magari madogo ya mji ule yalitembea hivyo.

Wakabishana. Mume wangu alisema za pikapu zitalifanya gari lipepesuke kwenye kona, nasi tutapinduka. Fundi alisema za gesi zitamtikisa shemeji mpaka basi. Mimi nilikaa kibarazani, mikono juu ya tumbo, nikiwasikiliza wanaume wawili wakinichagulia namna ya kumpoteza mwanangu. Kutikiswa au kupinduka. Nilitaka kuwatupia sufuria.

Aliyeamua ni mama aliyetuletea maziwa. Alikuwa Msukuma, mtu mzima, ambaye familia yake ilishuka na ng'ombe kutoka kaskazini ikahamia Mwamkulu, na watoto wake waling'aa muda wote kwa siagi anayowapaka. Aliweka ndoo chini, akauliza hawa wanagombania nini. Nikamweleza, na machozi yakanitoka bila kutaka. Hakunibembeleza. Kesho yake alikuja na kibuyu kimetiwa maziwa yaliyoganda, nusu tu, kama wanavyotia wao wanapotaka kuyasuka. Kibuyu hicho hutikiswa na kutikiswa mpaka siagi inajitenga na kuwa bonge.

"Mayu, nyie mnabishana bure," aliniambia, akiniita mama kwa Kisukuma. "Kibuyu kitangulie. Kikirudi na siagi, wewe hilo gari usipande."

Mume wangu alicheka, lakini alipoona uso wangu akaacha. Fundi akafunga zile za gesi, mbele na nyuma. Kibuyu kikawekwa kwenye kiti cha nyuma, mahali ambapo ningekaa mimi, kikashikizwa kwa mto, na gari likaenda Mwamkulu na kurudi. Waliporudi, mama yule alifungua kizibo, akamimina kidogo kwenye bakuli. Chembe za siagi zilikuwa zinaelea, nyeupe, nyingi. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika.

Zikafungwa za oili. Safari hii nilikwenda mwenyewe, maana kukaa nyumbani kusubiri kulinishinda, na nilikipakata kibuyu. Kweli lilikuwa laini, nilikaa raha mpaka nikaanza kujilaumu kwa woga wangu. Kisha tukafika kwenye kona ya kalavati, mume wangu akakwepa mbuzi, na mkia wa gari ukaenda kivyake. Tulielea. Ukingo wa mtaro ulipita dirishani kwangu karibu kabisa, na gari lilisimama likiwa limeangalia tulikotoka. Kibuyu kilikuwa kimemwagika mapajani mwangu. Maziwa hayakuwa na siagi hata chembe. Mume wangu alibaki ameshika usukani kwa mikono miwili.

Niliporudi nilisema nifungiwe za gesi mbele na za oili nyuma. Fundi alisema haifanyiki, gari litakuwa na tabia mbili. Mume wangu alisema gari ni kitu kimoja, huwezi kuligawa kama kuku wa mboga. Nikawajibu kwamba anayeendesha anakaa mbele na mwenye tumbo anakaa nyuma, kwa hiyo kila mtu apate shokapu yake. Nilisema kwa sauti ambayo hawakuwa wameizoea. Wakafunga. Kibuyu kikaenda Mwamkulu, kikarudi safi, na kwenye kona ya kalavati gari lilishika njia.

Tuliondoka kiangazi, barabara imekauka. Yule mama nilikuwa nimemwomba kibuyu kingine cha safari. Mume wangu alisema tukiache, tulishapima, inatosha. Nilikibana katikati ya miguu yangu, chini ya kanga. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka kuwa wa kwanza kujua.

Tulipofika Sitalike nilifungua kizibo nikatikisa kidogo, nikachungulia. Maziwa yalikuwa maziwa. Nikajipa moyo, hata nikala ndizi. Baada ya hapo ni pori la hifadhi, vioo vimefungwa kwa ajili ya mbung'o, joto limejaa ndani, na barabara imejikunja mikunjo midogo midogo isiyo na mwisho. Gari lilitetemeka. Kisha nikaanza kusikia kitu nyuma yangu kinagonga, polepole kwanza, halafu kila shimo. Nikajua kabla mume wangu hajasimama.

Alishuka kutazama, na nyati walikuwa ng'ambo ya barabara wamesimama kwenye majani wakimwangalia. Aliinama, akagusa chini ya gari, akavuta mkono haraka. Shokapu moja ya nyuma ilikuwa imechemka ikapasuka pale fundi alipochomelea, na oili yote ilikuwa inachuruzika mchangani. Akarudi akaketi, mlango akaufunga taratibu.

"Imekufa upande wako," alisema.

Kurudi Mpanda na kwenda mbele vilikuwa sawa tu kwa ubaya. Nilihamia upande wa pili wa kiti na kibuyu changu, na akaendesha kwa mwendo ambao mtu mwenye baiskeli angetupita. Haikusaidia sana. Kila shimo lilinipanda mgongoni. Nilishika tumbo kwa mikono yote, nikawa namsemesha aliyemo, namwomba asiachie, namwambia mambo ya kipuuzi, kwamba baba yake ana gari zuri. Mtoto alikuwa amenyamaza. Asubuhi alikuwa akicheza, na sasa hakujigeuza. Sikumwambia mume wangu. Niliona shingo yake imelowa jasho nikaona hiyo inatosha.

Kibuyu sikukigusa tena mpaka Sumbawanga. Tulifikia chumba cha kupanga jirani na hospitali, baridi ya kule inauma, na mume wangu alipotoka kutafuta chai nikakifungua. Nilikiinamisha juu ya kikombe. Hakikutoa kitu kwanza, kisha likakwama mdomoni bonge la siagi, gumu, kubwa kuliko nililowahi kuona kwa yule mama. Nikalirudisha kwa kidole. Nikafunga kizibo, nikakisukumia chini ya kitanda, nikalala nimegeukia ukutani. Aliporudi na chai nilimwambia nimechoka tu.

Hospitali walinipokea na kunipima, wakasema moyo wa mtoto unasikika. Sikuwaamini na hao. Siku zote za kusubiri nilikuwa najua kilichoko chini ya kitanda kile, na niliingia chumba cha upasuaji nikiwa nimeshamlilia mwanangu kimoyomoyo.

Alizaliwa msichana, akalia mpaka wodi ya jirani walisikia.

Nilipopata nguvu za kukaa, nesi aliuliza mafuta ya mtoto yako wapi, na tukakumbuka kwamba hatukufunga mafuta. Vinguo nilikuwa navyo, vya mimba zote tatu, lakini mafuta sikununua, maana sikuthubutu. Mume wangu akatoka. Alirudi amebeba kile kibuyu, amekifuta vizuri kama alivyokuwa akifuta shokapu zake, akasimama miguuni pa kitanda.

"Uliona?" akaniuliza.

"Niliona. Na wewe?"

"Usiku uleule, ulipolala," alisema. "Niliona nisikuambie."

Akaketi. Akachota siagi kwa vidole vyake vya karani, akaipasha moto kwenye viganja, akaanza kumpaka mtoto miguuni, akapanda taratibu mpaka kwenye mikunjo ya shingo. Nesi alilalamika kwamba wodi nzima inanuka maziwa, na mume wangu akachota nyingine.